Sahani Yenye Pengo

Bweni la Wasichana, Chumba 14
3 Machi

Kwa Babu, mtani wangu,

Shikamoo. Mama ameniambia kwamba siku hizi unalala umeketi, na kwamba ulimwambia daktari moyo wako si mgonjwa, umestaafu tu. Sikupigii simu kwa sababu najua pumzi yako inaishia katikati ya sentensi, na mtu aliyefundisha sheria miaka thelathini hapendi kuishia katikati. Kwa hiyo naandika, nawe utajibu taratibu.

Nilikueleza juu ya kanuni mpya za chuo. Wanafunzi zaidi ya watano wakikutana wanatakiwa wawe na kibali cha Msajili, kilichoombwa siku ishirini na moja kabla. Tangazo lolote la ukutani ligongwe muhuri. Mwezi uliopita wenzetu sita walikuwa wanasomeana makala ya gazeti kwenye ngazi. Watatu wametolewa bwenini. Kwenye ngazi, Babu. Tuombe kibali siku ishirini na moja ili tushuke ngazi pamoja.

Tumeandika waraka wa madai, na nakala yake nimekuwekea humu. Tumetia saini kwa duara, kama ninyi zamani: tuliweka sahani juu ya karatasi, tukaizungushia kalamu, na majina arobaini na moja yakakaa ukingoni. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho, kwa hiyo hakuna kiongozi wa kumkamata. Kabla ya kutia saini niliwapeleka wote maktaba, kwenye lile kabati la kioo, wakaone karatasi yenu na ile sahani yenye pengo ukingoni. Kibao chake kinasema njia hii ilibuniwa na wewe, kisha vinafuata vyeo vyako vyote. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, tunamwita Kimya kwa sababu hasemi, alisoma mpaka mwisho akasema, "Kumbe babu yako aliwahi kuwa kijana."

Kamati ya Nidhamu imetuita tarehe 27. Wanachotaka ni mtu mmoja wa kufukuza, na mdomo wangu wanaujua. Naomba utuandikie ukurasa mmoja tu: duara ni nini, na kwamba chuo hichohicho kinalionyesha kwa wageni kama fahari yake. Mjumbe mmoja wa kamati ulimfundisha. Nasikia hadi leo akisikia jina lako anakaa wima.

Mjukuu wako,
Wakili (bado wa mdomo tu)

*

Nyumbani
8 Machi

Kwa Wakili wangu,

Marahaba. Mama yako amenisomea barua yako, kisha nikaisoma mwenyewe, kisha nikamwambia aniletee miwani, maana nilikuwa naisoma bila miwani na kuikisia. Mengi nilikisia sawa.

Madai yenu yako sawa. Nimeyapitia kama nilivyokuwa napitia mitihani, kwa kalamu nyekundu, na nimekosoa mahali pawili. Msiseme "tunaomba mturuhusu kukutana." Mtu haombi kurudishiwa miguu yake. Semeni kanuni hii iondolewe, na mtaje katiba ya chuo, ibara ya tisa. Waliiandika wenyewe, waisome wenyewe.

Kuhusu ule ukurasa, utaupata kabla ya tarehe 27. Lakini kwanza nina barua nyingine ya kuandika, na mkono wangu siku hizi unatoa mistari kumi asubuhi na mitano jioni. Usiniulize ni ya nani. Na usiwapeleke tena wenzako kwenye kabati lile mpaka nikwambie.

Daktari amesema hataongeza dawa. Nimemwambia vizuri, ziko nyingi, zilikuwa zinagombana.

Babu

*

Nyumbani
11 Machi

Kwa Mhandisi,

Ni mimi, Kamusi. Nadhani hakuna mwingine aliye hai anayeniita hivyo. Anwani yako nimeipata kwa fundi aliyeweka madirisha ya jirani yangu. Alisema amefundishwa kazi na mzee mmoja mkali aliyewahi kufukuzwa chuo kikuu kwa sababu ya sahani. Nikajua ni wewe.

Sitazunguka. Miaka hamsini na mmoja iliyopita, Jumatatu ile, wiki moja kabla ya Kamati kukaa, Mlezi wa Wanafunzi aliniita ofisini. Hakunipiga. Alinipa kiti, kile chenye mto. Mezani kulikuwa na fomu ya kwenda kusoma nje, jina langu limeshapigwa chapa, bado saini yake tu. Na kando ya fomu kulikuwa na karatasi yetu ya duara. Akaweka kidole mahali mstari wa kalamu ulipobonyea. Akasema, "Sitaki jina la mtu, mimi si polisi. Mstari wenu una pengo. Niambie tu sahani ilitoka wapi."

Nikasema: "Ilitoka jikoni."

Maneno mawili. Nimeandika vitabu vinne, na hakuna ukurasa wangu uliofanya kazi kubwa kama maneno hayo. Nilijua kwamba sahani zenye pengo hazikuwekwa mbele ya wanafunzi, zilikuwa za wafanyakazi kule nyuma. Nilijua kwamba katika sisi sote ni wewe tu uliyeweza kuingia jikoni kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa kaka yako alikuwa anaosha vyombo humo. Nilitoka nikijiambia sikumtaja mtu. Nimejiambia hivyo miaka yote. Wewe ukaenda kizuizini miaka miwili, mimi nikapanda ndege.

Kisha niliporudi, walipouliza nani alibuni duara, nilicheka kwa unyenyekevu, nao wakaandika jina langu. Duara lilikuwa lako. Ulilichora kwanza mgongoni mwa daftari langu la sheria za mikataba, ukasema, "Kamusi, hapa atakayetafuta kichwa atapata tumbo."

Mjukuu wangu amelitumia hivi majuzi, na ameniomba niape kwamba ni langu. Ninakufa, lakini sikuandiki kwa sababu hiyo. Nakuandikia kwa sababu nimeombwa kudanganya tena, na safari hii na mtu ninayempenda.

Kamusi

*

Karakana
17 Machi

Kwa Kamusi,

Mhandisi hayupo. Alitolewa chuo mwaka wa pili na hakurudi. Mimi ni Fundi, natengeneza madirisha, na yanafunga.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikaketi, na nilipoketi palikuwa na ubao niliotoka kuupaka gundi, kwa hiyo suruali nayo umeniharibia.

Miaka miwili ya kizuizini naijua. Niliikaa mwenyewe, huna haja ya kunisimulia. Kama ni hiyo tu ungeniandikia, ningekujibu kwa matusi mawili matatu, tukamaliza. Lakini wewe hujui ulichochukua. Ngoja nikwambie.

Siku ya Kamati mlango ulifunguliwa, akaingia Kaka na aproni yake ya kazini, amebeba sahani kwa mikono miwili. Mlezi akamwuliza, "Ni yako?" Kaka akasema, "Ni yangu." Basi. Mimi nikasikia kana kwamba anasema: mimi ndiye niliyemtaja mdogo wangu. Na alipobaki na kazi yake wakati mimi nimefungiwa, nikaona nimepata ushahidi. Alikuja getini kule kizuizini mara kumi na moja, na sufuria ya chakula. Mara zote kumi na moja niliwaambia askari simjui mtu huyo. Mama alipofariki, yeye alisimama upande ule wa kaburi, mimi upande huu. Watoto wangu wanajua wana baba mkubwa kama wanavyojua kuna mwezi. Anakaa vituo vitatu vya basi kutoka hapa. Sijamwamkia tangu siku ile.

Sasa nijibu swali langu, na ulijibu kama mtu, si kama mwalimu. Siku ile wewe ulikuwa umeketi mwisho wa meza, unaandika kumbukumbu za kikao kwa niaba ya wanafunzi. Uliona nilivyomtazama Kaka?

Na jambo la pili. Kaka hasomi. Andika ukurasa mmoja nimsomee. Uandike kwa maneno ya mwosha vyombo. Ukiniletea "kwa mujibu wa" nitauchana.

Fundi

*

Nyumbani
21 Machi

Kwa Fundi,

Niliona.

Niliona shingo yako ilivyogeuka. Niliona Kaka anakutazama, hajui amefanya nini. Mlezi alimleta Kaka na sahani mbele ili ionekane yeye ndiye aliyesema, nisijulikane mimi. Nilielewa palepale, maana nilikuwa mwepesi wa kuelewa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaandika: "Sahani imetambuliwa na mwenyewe." Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Katika barua ya kwanza nililiruka hili. Nilikuwa nimekusudia kuungama yote, kumbe nilikuwa nimechagua sehemu inayobebeka. Nilijiambia ndugu hawawezi kukosana kwa ajili ya sahani, mtakuwa mmepatana ndani ya mwaka. Sikuwahi kuuliza. Ningeuliza, ningepata jibu.

Huu ndio ukurasa wa Kaka:

"Kaka, shikamoo. Mimi ni yule mwanafunzi mwembamba aliyekuwa anakuja na mdogo wako mlango wa nyuma, ukatupa ukoko. Mkubwa wa chuo aliniuliza sahani imetoka wapi. Nikamwambia imetoka jikoni. Nilisema mimi. Wewe hukusema kitu. Mdogo wako alidhani ni wewe, na mimi nilimwona akidhani, nikanyamaza. Nilipata masomo na kazi nzuri. Wewe ulipoteza ndugu, na hukuwa na kosa."

Nimeuandika mara sita. Mara tano za kwanza zilikuwa na maneno mazuri.

Kamusi

*

Nyumbani
21 Machi, jioni

Kwa Wakili wangu,

Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa ulioniomba, na umetiwa saini mbele ya shahidi, ambaye ni mama yako. Usome kabla hujaupeleka. Unasema duara lilibuniwa na mwanafunzi wa uhandisi ambaye chuo kilimfukuza. Unasema sahani ilikuwa ya kaka yake. Unasema aliyewachongea kwa Mlezi ni mimi, kwa maneno mawili, nikiwa nimeketi kwenye kiti chenye mto.

Nilikulea kwa hadithi ya duara, nikaacha mwisho wake. Una haki ya kunikasirikia, na usiharakishe kuimaliza hasira hiyo kwa sababu eti mzee anaumwa. Ugonjwa si hoja. Nilikuwa nawafundisha hivyo wanafunzi wangu.

Ila nikuachie kitu kimoja cha kazi. Duara halikutuangusha kwa kuwa lilichorwa vibaya. Lilianguka kwa kuwa mmoja ndani yake aliulizwa kitu kidogo. Mngoje hicho. Hawatawauliza jina, jina kila mtu anajua kulificha. Watauliza kalamu ya nani, karatasi ilinunuliwa duka gani, mlango nani alikuwa na ufunguo. Watauliza kwa upole, na watamwuliza aliye mnyonge zaidi. Mwambie huyo, kabla hajaingia, kwamba hakuna swali dogo mahali pale.

Sasa nipumzike. Hiyo ilikuwa mistari ya siku mbili.

Babu

*

Bweni la Wasichana, Chumba 14
29 Machi

Kwa Babu,

Shikamoo.

Siku ya kwanza sikuweza kukuandikia. Nilikwenda maktaba peke yangu nikasimama mbele ya kioo, nikaona uso wangu juu ya jina lako, nikaondoka. Siku ya pili niliandika barua ndefu nikaichana, kwa sababu ilikuwa na maneno mazuri, na mama aliniambia mara ngapi uliyaandika yale ya mzee mwosha vyombo. Siku ya tatu niliwakusanya wenzangu wote arobaini kwenye ngazi, bila kibali, nikawasomea barua yako yote. Yule jamaa anayejiita Jenerali akasema, "Kwa hiyo shujaa wetu ni mdaku." Nikamwambia ndiyo, na ndiye pekee mdaku aliyejitaja mwenyewe, wewe ulishamwona mwingine? Akaketi. Na mimi nikalia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekutetea na ulikuwa hujaniomba.

Kisha tukaamua. Duara tumeliweka kando. Tumeandika orodha ya kawaida, moja mpaka arobaini na moja, kwa herufi kubwa, na namba moja ni mimi. Nani ataulizwa kiongozi ni nani, wakati kiongozi ameandikwa juu?

Tarehe 27 tuliingia. Mwanafunzi wako wa zamani alisoma ukurasa wako kwa sauti, na alipofika kwenye kiti chenye mto alisimama kidogo, kwa sababu, Babu, viti vya kamati vina mito. Mwenyekiti akasema ni mambo ya kale. Halafu akafanya kama ulivyosema. Aliniruka mimi namba moja, akaruka wote, akamwita Kimya.

"Binti, usiogope. Majina tunayo. Tuambie tu, karatasi hii ilichapwa ofisi gani?"

Kimya aliitazama karatasi, akaisukuma irudi kwa mwenyekiti. Kisha akasema, "Swali hilo ni dogo mno, mheshimiwa. Babu wa mwenzangu alijibu dogo kama hilo, mtu akakaa ndani miaka miwili. Niulize kubwa."

"Kubwa lipi?"

"Niulize kama nataka kukutana na wenzangu bila kuomba ruhusa. Hilo nitalijibu."

Mwenyekiti hakumwuliza. Mwanafunzi wako ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, na Kimya akajibu ndiyo, na tukasema ndiyo arobaini na moja, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa orodha.

Jana uamuzi umebandikwa, na una muhuri, usijali. Hakuna aliyefukuzwa. Mimi nimepewa onyo la maandishi ambalo nitaliwekea fremu. Watatu wamerudishwa bwenini. Kanuni imerudishwa kwenye Baraza la Chuo na haitumiki mpaka ijadiliwe, na katika mjadala huo tumepewa viti viwili. Tulitaka sita. Tutavipata.

Mkutubi ameondoa kile kibao. Anauliza aandike nini.

Bado nina hasira nawe. Ijumaa nitakuja nayo, pamoja na machungwa.

Wakili

*

Karakana
30 Machi

Kwa Kamusi,

Nimekwenda. Nilishuka kituo cha tatu, nikakaa kwanza kwa fundi viatu ambaye sikuwa na kiatu cha kumpa.

Kaka amekonda. Anasikia kwa sikio moja, kwa hiyo ukurasa wako niliusoma kwa kupaza sauti, na majirani nao sasa wanakujua. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa jikoni." Nikarudia.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, Kaka."

"Mimi nilijua si mimi," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe ujue."

Nikamwuliza, mbona hukuniambia? Akanitazama kama alivyokuwa ananitazama nikirudi na nguo zilizochanika. "Nilikuja mara kumi na moja na sufuria. Ulidhani nakuja kukwambia nini, chakula kimeiva?"

Nikamwuliza na lile lingine: mbona alisema sahani ni yake. Akashangaa. "Si ilikuwa yangu? Nilidhani wanataka kukufunga kwa wizi wa sahani. Nikasema ni yangu ili wakuache."

Nimetengeneza madirisha miaka arobaini na saba, Kamusi, na sikuliona hilo.

Nilipoingia kwake nilisema "hujambo", kama kwa mtu wa njiani. Nilipofika mlangoni kuondoka niligeuka nikasema, "Shikamoo, Kaka." Najua shikamoo haitolewi mtu akiondoka. Akasema, "Marahaba. Umechelewa." Akaingia ndani akatoka na sufuria.

Juu ya msamaha usiniulize. Mwenye haraka ni wewe, mimi sina. Lakini tutakuja Jumamosi, sote wawili, kwa sababu Kaka anataka kukuona ulivyo, na kwa sababu ana dai moja. Anataka sahani yake. Anasema walimwambia watairudisha baada ya kikao.

Fundi

*

Nyumbani
5 Aprili

Kwa Fundi, na kwa Kaka utakayemsomea,

Shikamoo, Kaka.

Mkutubi alikataa kwanza. Alisema sahani ni mali ya chuo, imeorodheshwa. Nikaandika maoni yangu ya kisheria, ya mwisho nadhani, mistari saba: kitu kilichochukuliwa kwa mwenyewe ili kirudishwe baada ya kikao hakigeuki mali ya aliyekichukua, hata kikao kikichukua miaka hamsini na mmoja. Mjukuu wangu aliyapeleka mwenyewe. Alisimama pale kaunta akimsomea mkutubi na foleni nzima, mpaka sahani ikatoka kabatini. Jana, Ijumaa, alinifikishia ikiwa imefungwa kwenye taulo lake, juu ya machungwa. Hasira alikuja nayo kama alivyoahidi. Tulikula machungwa nayo ikiwa imeketi kati yetu, na alipoondoka ilikuwa imepungua kidogo. Leo anarudi kuwapokea.

Karatasi ya duara imebaki kwenye kabati, pamoja na pengo lake. Kibao kipya nimekiandika mimi, kwa mkono huu huu: "Duara hili lilibuniwa na mwanafunzi wa uhandisi. Sahani ilikuwa ya kaka yake, mwosha vyombo, naye alisema ni yake ili kumwokoa. Aliyewasema ni mimi." Chini nimeweka jina langu, bila vyeo.

Barua hii atawapa mjukuu wangu kituoni, mje mkijua. Nitakuwa nimeketi karibu na dirisha. Kaka akae kulia kwangu, niweze kusema karibu na sikio lake zima. Yale ya kwenye ukurasa nitayasema mwenyewe, kwa mdomo, hata pumzi ikikatika katikati. Nitangoja irudi, nimalizie.

Sahani iko hapa mezani. Ilikuwa na vumbi la kabatini, na ukingoni, kwenye lile pengo, kulikuwa na alama ya wino ya zamani. Mama wa mjukuu wangu alitaka kuiosha nikamkataza. Nimeletewa beseni nikaiosha mwenyewe, nimeketi, kwa muda wa nusu saa, na nikapumzika mara mbili. Wino umegoma kutoka. Kaka ataikagua, nakumbuka alikuwa mkali kwa vyombo visivyotakata.

Kamusi